Sifa za Mpira wa Tyubu

Injini ina washairi wake, na rimu zina vijana wa mjini wa kuzipiga picha. Mimi sifa zangu nazipeleka chini ya boneti, kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli na kuviringishwa shingoni mwa dipstiki ya giaboksi iliyogoma kutulia.

Dipstiki ile huchomekwa kwenye bomba jembamba linaloshuka hadi giaboksi ya otomatiki, na mara nyingi kinachoishika ni oringi ndogo tu. Joto likiipika miaka nenda rudi, oringi hukakamaa, hupasuka, na kuanzia hapo kila tuta la barabarani dipstiki huinuka kidogo kama jirani anayechungulia dirishani. Oringi mpya haimfanyi mtu auze mbuzi. Ila kuinunua ni kukiri kwamba gari linaumwa, na sisi wenye magari hatukiri kitu mpaka trafiki atusimamishe.

Washindani hawakukosekana. Waya wa kufungia nondo una nguvu lakini hauna adabu: ncha yake ikigusa kichwa cha betri, utaona cheche. Gunzi lina heshima yake shamba, kwenye tenki la mafuta lililopoteza kifuniko. Kwa bomba hili ni nene mno. Mfuko wa rambo ulipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, ila kwenye boneti kadhaa bado unaishi mafichoni. Supagluu ndiyo iliyovuka mipaka.

Lakini fadhila kuu ya mpira ni kwamba hauulizi. Mpelekee fundi dipstiki inayoruka, ataanza upelelezi. Oili imejazwa kupita kiasi mpaka inatoa povu? Kitundu cha kupumulia cha giaboksi kimezibwa na tope, sasa presha inatafuta pa kutokea? Maswali ya kumkosesha mtu usingizi, tena ya kulipia. Mpira huja, hukaza, hunyamaza. Presha ikizidi, oili nyekundu itapenya pembeni, idondokee ekzosi ya moto, moshi upande. Yapo magari yaliyoungua kwa mtindo huo, ila kwenye sherehe hatutaji misiba.

Tena unatupunguzia kazi. Toyota nyingi za otomatiki zenye dipstiki hutaka oili ipimwe injini ikiunguruma, giaboksi imeshapata moto, gia iko P: chomoa, futa kwa kitambaa safi, rudisha, chomoa tena, tazama kama imefika kwenye alama za HOT. Sasa nani atafungua mizunguko yote ya mpira uliolowa oili, kucha zijae weusi, apime, kisha aanze kuviringisha upya? Hapimi mtu. Na oili isiyopimwa haijawahi kupungua.

Hata watengenezaji wameifikia hekima hii kwa njia yao. Magari mengi ya siku hizi hayana kabisa dipstiki ya giaboksi. Kuna boliti tu, huko chini uvunguni, na mwenye gari hana pa kuchungulia.

Utukufu wa mpira, hata hivyo, uusubiri siku ya kuuza gari. Mnunuzi anainamia boneti, anauona, anaugusa kwa kidole.

“Na hii vipi, bosi?”

“Hiyo nimeongezea mwenyewe,” anajibiwa. “Gari nyingi hazina.”