Kabla Hujashusha Injini

Msss! Nyingine hiyo imeshushwa. Nimetoka gereji ya bondeni sasa hivi, nimeikuta HiAce ya jirani yetu viti vimeng'olewa, injini imelazwa juu ya tairi bovu. Namuuliza fundi ilikuwa na nini, ananijibu, "Ilikuwa inagonga." Jamani! Mtoto akilia usiku unamshika paji, unamtazama masikio, unampapasa tumbo. Humpasui.

Hizi HiAce za zamani, umbo lile lililotoka 1989, ndizo tulizoziita vipanya zilipokuwa daladala. Injini yake iko chini ya viti vya mbele; dereva ameikalia. Yeye ndiye wa kwanza kuisikia ikibadilika sauti, na yeye huyo huyo ndiye anayeongeza redio.

Mimi nikiletewa gari linalolia, siulizi linaliaje. Nauliza linalia lini. Linapiga yowe asubuhi likiwashwa, kisha linatulia? Tazama mkanda wa feni, umelegea au umekakamaa. Linapuliza chu-chu-chu likiwa baridi, likipata moto linapunguza? Gasketi ya egzosi hiyo. Chuma kikitanuka kinaziba upenyo. Ukikanyaga klachi sauti inaanza, ni rilisi beringi. Ukikanyaga sauti inakufa, nenda kwenye giaboksi. Mpaka hapo hujashika hata spana.

Kugonga ndiko kunakowaliza watu. Ya kwetu ilikuwa na injini ya 3L, dizeli ya silinda 4, cc 2,779, na mama alibebea mboga zake humo. Ikaanza ka-ka-ka, ukipiga resi inagonga mbiombio. Gereji ya kwanza wakasema konrodi, shusha. Mama aliposikia bei hakusema neno siku nzima.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi wa pampu. Alianza kwa kuchomoa kijiti cha oili, akaisugua oili vidoleni kutafuta chenga za chuma. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza huku na huku. Kisha, injini ikinguruma, akalegeza nati za mirija ya nozo moja baada ya nyingine (uso weka mbali, mafuta yale yanaruka kwa nguvu). Ya kwanza, injini ikayumba, kugonga kupo. Akaikaza. Ya pili, kupo. Ya tatu, kimya.

Hapa ndipo wengi wanaposhangilia mapema. Silinda uliyoinyima mafuta haina mlipuko wa kuisukuma pistoni, kwa hiyo hata beringi ya konrodi iliyoliwa itanyamaza. Mzee alilijua hilo. Akazima, akaitoa nozo ya tatu akaiweka silinda ya kwanza, ya kwanza akaihamishia ya tatu, akawasha. Kugonga kukahamia silinda ya kwanza! Beringi haihami, ndugu zangu. Kilichohamishwa ni nozo tu. Tukanunua nozo moja, mama akarudi sokoni.

Sikatai, zipo injini za kushushwa. Ukisikia du-du-du nzito kutoka chini kabisa, inazidi gari likibeba mzigo, na taa ya oili inapepesa, zima hapo hapo. Usiseme ngoja nifike nyumbani. Kila mzunguko unaikwangua krenki. Wala kimya chenyewe usikiamini sana. Mkanda wa taimingi wa injini hizi za 3L ni wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na mara nyingi hukatika bila kutoa hata mlio. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Ipo taa yake kwenye dashibodi, lakini inafuata kilomita za hapo hapo kwenye dashibodi, na gari lililokuja limetumika Japani huenda kilomita zake zimerudishwa nyuma. Ukilinunua, weka mkanda mpya wiki hiyo hiyo.

Sasa huyu wa bondeni nikamuuliza: ulihamisha nozo kabla ya kushusha? Akanionyesha kopo la dizeli. Zote nne zimo humo, zimechanganyika, hakuna hata moja yenye alama ya silinda iliyotoka.