Barua ya Wazi kwa Ikulu, Kuhusu Mabati

Kwa Ofisi ya Rais, Ikulu, Nairobi.

Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, Mombasa, wanatoa shukrani. Julai 2025 Rais William Ruto alieleza hadharani kwamba kanisa alilolikuta Ikulu ni la mabati, na mabati hayalingani na hadhi ya mahali pale. Magazeti yalikuwa yameshachapisha michoro ya kanisa jipya: watu 8,000, gharama ikikadiriwa shilingi bilioni 1.2. Radhi haombi, akasema. Shetani akitaka na akasirike.

Huku ng'ambo habari hizo zilipokewa kwa furaha. Kuanzia Chaani hadi Mtongwe yamejaa makanisa ya mabati, na madrasa za mabati pia. Jua la saa saba likishika, mhubiri na ustadhi hufundisha dini mbili wakitoka jasho moja. Kumbe Ikulu imeiona kasoro! Sasa wanauliza tu: hadhi hiyo inavuka feri, au inaishia Nairobi?

Rais anasema fedha ni zake. Sawa, mfuko wa mtu haupekuliwi. Lakini uwanja wa Ikulu si shamba lake la Sugoi, na Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema nchi haina dini rasmi. Basi imamu wa Likoni mwenye akiba yake naye apewe ploti humo humo uani. Wazee wa kaya, misitu mitakatifu ya Wadigo, hawahitaji hata saruji, miti yawatosha.

Pwani haijasahau. Mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa waliikataa Katiba, wakilalamika, pamoja na mengine, kwamba Mahakama za Kadhi zinaipendelea dini moja kwa kodi ya wote. Aliyesimama mbele ya kambi hiyo ya "La" ni William Ruto. Na mahakama hizo angalau zina makubaliano ya 1963 kati ya Jomo Kenyatta na serikali ya Zanzibar.

Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki Philip Anyolo aliamuru zirudishwe fedha ambazo Rais alilichangia kanisa la Soweto, Nairobi. Kumbe inawezekana kukataa fedha za Rais.

Ikulu inaombwa ijibu kwa maandishi: Rais akihama, funguo atamkabidhi nani? Na mrithi wake akiwa Mwislamu, Mkristo wa dhehebu jingine au mtu asiyesali kabisa, atalipia umeme wa kanisa la nani?