Cheo Kisichokabidhiwa: Mstaafu na Mikosi ya Barazani

Kustaafu katika utumishi wa umma nchini Tanzania ni tukio linalopangwa kwa kalenda, kwa kuwa mtumishi huruhusiwa kuondoka kwa hiari anapofikisha miaka 55 na hulazimika kuondoka anapofikisha 60, umri uleule ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautumia kumtambua mzee, kiasi kwamba mtu anaweza kulala mkurugenzi akaamka mzee. Sheria zimeeleza kwa makini jinsi ya kukokotoa kiinua mgongo chake, yaani fedha za mkupuo anazolipwa mwanzoni, pamoja na pensheni ya kila mwezi. Hazikueleza atazungumza na nani saa nne ya asubuhi ya Jumanne, wakati ambao kwa miaka mingi alikuwa akinywa chai na wenzake huku majalada yakimsubiri mezani. Pengo hilo ndilo linalomsukuma kwenda barazani, kwenye kwaya au kwenye kamati ya harusi, na huko ndiko mikosi inakoanzia.

Chanzo cha mikosi hiyo si uzee. Mstaafu hukabidhi gari, funguo na muhuri, akatia saini kwamba vyote vimepokelewa vikiwa salama, ila cheo hakimo katika orodha ya makabidhiano, hivyo huondoka nacho hadi nyumbani, ambako mkewe hukikataa mlangoni, ndipo akakipeleka kwa watu wasiokuwa na habari nacho.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mkuu wa shule mstaafu anayeamua kujifunza bao. Bao la Kiswahili huchezwa kwenye ubao wa mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane, kwa kete 64 ambazo aghalabu ni komwe, na lina hatua mbili: namua, ambapo kila mchezaji huingiza ubaoni kete moja moja kutoka katika akiba yake ya kete 22, na mtaji, ambapo akiba imekwisha na watu hupigana kwa zilizomo ubaoni. Fundi wa bao huzisoma kete kwa jicho, akajua zitakapoishia kabla hajazigusa, ilhali mkuu wa shule huzihesabu kwa kidole na kwa sauti, jambo ambalo watazamaji, ambao katika mchezo huu hawana desturi ya kunyamaza, hulipokea kwa kuhesabu pamoja naye kama darasa la kwanza. Mpinzani wake mara nyingi ni fundi baiskeli ambaye zamani mkuu huyo alimwandikia kwenye ripoti kwamba hesabu hazimfai, na ambaye sasa humteka nyumba, yaani lile shimo kuu linaloanza na kete sita, huku akimwita “mwalimu” kwa heshima zote.

Akishindwa kwa kete, mkuu wa shule hujaribu kushinda kwa utawala. Hupendekeza iwepo ratiba ya kucheza, kanuni za maandishi na daftari la mahudhurio, na wanabaraza, ambao si watu wa kumvunja moyo mgeni, hukubali yote bila mjadala, hulipokea daftari kwa shukrani, kisha hulitumia kuandikia madeni ya kahawa, la kwanza likiwa lake.

Mhasibu mstaafu hupata mkosi wa aina nyingine, kwa sababu yeye huombwa. Kamati ya harusi, yaani kundi la ndugu, majirani na marafiki wanaokutana kwa wiki kadhaa kukusanya michango, humfanya mweka hazina kwa kuwa anaaminika, bila kukumbuka kwamba uaminifu wake una taratibu. Mhasibu huyu hawezi kuidhinisha ununuzi wa mbuzi bila ankara kifani tatu za kulinganisha bei, na wachuuzi wa mnada wa Pugu, ambao hupatana bei kwa mdomo, humwona kuwa ama ni mtu wa kodi ama ni mgonjwa. Akifanikiwa hatimaye kuzipata, bei imepanda na wageni hula kuku, lakini hesabu zinafungwa bila upungufu wa hata shilingi, sifa ambayo haijawahi kumshibisha shemeji yeyote.

Wanawake, kwa kiasi fulani, husalimika, kwani wengi wao walikuwa na upatu na vikundi vya kuzikana muda mrefu kabla ya barua ya kustaafu, na huko walikwisha kuzoea kukatizwa kauli. Hata hivyo, muuguzi mstaafu anayejitolea kupima shinikizo la damu baada ya ibada hugundua kwamba vipimo hupanda Jumapili ambazo majina ya wasiolipa ahadi za ujenzi yamesomwa hadharani, na kwamba ushauri wake kuhusu chumvi humpunguzia mialiko ya pilau.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ulioanza mwaka 1938 na kufuatilia maisha ya washiriki wake hadi uzeeni, umehusisha mahusiano mema na afya bora na furaha. Barazani, mahusiano hayo hupimwa kwa kuchekwa: mstaafu anayetaniwa ameshakuwa mwenyeji, na anayeitwa “mheshimiwa” bado yuko majaribioni.

Kwa kipimo hicho, hakuna anayepokewa haraka kuliko mstaafu aliyejiunga na makundi yote kwa pamoja. Simu yake ina kundi la WhatsApp la kwaya, la msiba, la mtaa na la harusi, na miwani yake kwa kawaida iko chumba kingine, kwa hiyo ni suala la muda tu kabla hajaiandikia kamati ya harusi kwamba amepokea taarifa kwa majonzi makubwa na anawaombea wahusika subira. Mama wa bibi harusi hupiga simu akilia, baba wa bwana harusi hujibu “Asante, tumepokea”, na mweka hazina hutumia utulivu uliofuata kuwakumbusha wote namba ya kutumia michango.