Dumu Lenye Nembo

Ukitaka kujua una ndugu wangapi mjini, tangaza kwamba unataka kumwaga oili ya gari. Ukiugua utaletewa pole na machungwa. Ukimwaga oili utaletewa ushauri, tena na watu ambao hawajawahi kugusa boneti.

Gari lenyewe ni IST, lile la cc 1300 ambalo Dar es Salaam limejaa kila kona, na swali langu lilikuwa dogo: nitie oili yenye nembo ya Toyota, au ya kampuni nyingine kwa bei pungufu?

Jirani yangu, mzee mstaafu, alilipeleka jambo kwenye ukoo. "Mwanangu, gari la Toyota, oili ya Toyota. Ukichanganya koo, injini inakataa." Mjomba wangu, aliyeendesha Peugeot 504 hadi Mbeya enzi za ujana wake, hakubaliani na oili yoyote inayotiririka. Oili kwake ni namba arobaini, nzito, inayoteremka kwa kutafakari. "Hivyo vya kwenu vya siku hizi ni maji ya mchele tu." Nikawaambia kwamba Toyota ni watengenezaji wa magari, hawachimbi mafuta, oili yao hutengenezwa na kampuni za mafuta kwa vipimo walivyotoa, kisha inabandikwa nembo. Mzee akaniuliza taratibu nani ananituma kumharibia Mjapani jina.

Ukweli wa oili uko nyuma ya dumu, kwa maandishi madogo, kwa kuwa mbele pamechukuliwa na picha ya gari la mashindano. Dukani nilionyeshwa dumu moja lenye gari jekundu likipiga kona hadi unaogopa kulishika. Nikaligeuza: SF. Herufi hizo ni za API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. S ni oili ya injini za petroli, na herufi inayofuata, kadiri inavyosogea mbele, ndivyo oili ilivyo ya kisasa: SN, kisha SP iliyoanza 2020. SF wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi zilizoundwa baada ya 1988, na IST ya kwanza ilitoka 2002. Nilipouliza, muuzaji hakusita. "Dada, S ni Supa, F ni Fulu. Hii ndiyo mwisho wa matatizo." Kwa injini yangu niliamini hilo la mwisho.

Namba nazo zina maana. Ile 5W-30 ya kwenye kitabu cha gari (kitabu chote Kijapani, namba tu ndizo zinazosomeka) inaeleza oili inavyotiririka kukiwa na baridi, halafu injini ikishapata moto. Baridi Dar hatuna, lakini hiyo 30 tunayo haja nayo: mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa vali kufunguka, unaendeshwa na presha ya oili hiyohiyo, ikipita kwenye vijia vyembamba. Mjomba hakuwa na VVT-i kwenye Peugeot. Alikuwa na kabureta na imani.

Kwa hiyo ukiniuliza, oili ya kampuni nyingine yenye daraja na namba sahihi inafaa kabisa, na nembo ya mtengenezaji si lazima uilipie. Tabu ni kwamba mjini swali la nembo lina mdogo wake, mkorofi kuliko yeye: kilichomo ndani ya dumu ndicho kilichoandikwa nje? Nikaenda kwa wakala, nikanunua ya kampuni nyingine, 5W-30, SN, nikakagua sili ya kifuniko, nikaondoka na risiti.

Gereji, fundi alinipokea vizuri. "Dada, mpigie shemeji niongee naye." Shemeji yake huyo, hadi leo akitaka kufungua boneti hufungua kifuniko cha tanki la petroli. Nikamwambia aongee na mimi. Akafungua mlango, akaona stika ya Kijapani pembeni, imeandikwa 28.4, akacheka. "Mbona una haraka? Wenyewe wameandika oili ni mpaka mwezi wa nne 2028." Nikamweleza kwamba Wajapani pia huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao, na 28 hiyo ni ya enzi ya Heisei, yaani 2016. Akaitazama tena stika. "Basi imepita kidogo."

Akafungua nati ya sampu, oili chafu ikashuka kwenye beseni. Hiyo haitupwi, ina mteja anayepaka mbao za kenchi kuzuia mchwa. Akafunga filta mpya, akainamisha dumu langu akiwa na nia ya kulimaliza. IST inachukua lita 3.7 hivi pamoja na filta, dumu ni lita 4. "Umelipia nne," akasema, "zote zako." Oili ikizidi mstari, krankshafti huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Nikasimama na dipstiki mkononi mpaka akakubali kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani na chenji ya oili.

Wakati huo alikuwa amefika kijana mmoja na kiroba cha madumu matupu, safi, yamefungwa vifuniko. Ananunua, akasema. Nikamuuliza ya nini. "Ya maji, dada." Akalitupia jicho dumu langu, hata hakuuliza limebaki kiasi gani. "Hilo hapana. La Toyota ndilo lina bei."

"Kwani maji yanachagua dumu?"

Hakujibu. Kwenye gari la pili baba mmoja alikuwa ndiyo kwanza anakata sili ya orijino. Kijana akamwendea kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Likiisha, naomba usilitoboe."