Nora Alipovuka Feri

Ualimu wa Kiingereza sikuuomba, niliposwa. Enzi hizo bodi ya pamoja ya udahili ndiyo iliyogawa nafasi za vyuo vikuu, nami katika fomu yake niliandika sheria, kisha uchumi, kisha elimu ya bahari, na kwa kuwa palibaki mstari mmoja mtupu ambao niliona haya kuurudisha bila ya wino, nikaandika ualimu. Wakubwa, kwa hekima waijuayo wenyewe, wakaziruka tamaa zangu zote wakaitika ule mstari wa haya. Baba, ambaye umri wake aliumalizia bandarini Kilindini akihesabu makasha ya watu, alinuna mpaka magharibi. Mama alisema, "Mwanangu, mwalimu hata akikosa mshahara, salamu hakosi," kauli ambayo nimeithibitisha kwa sehemu zake zote mbili.

Basi Tume ya Kuwaajiri Walimu ikanipeleka Likoni, katika skuli ambayo jina lake nalihifadhi, nami nikikaa kisiwani, kwa hivyo kuvuka feri ikawa faradhi. Mwenda kwa miguu havuki kwa pesa, huvuka kwa jasho. Asubuhi moja ya kusi, nikisahihisha insha katikati ya msongamano, upepo ulinipokonya baadhi ya karatasi, zikapaa juu ya vichwa vya abiria na kutua mkondoni. Darasani nilipoieleza kadhia hiyo, hadhira ilihuzunika mno. Na nusu yake, wakiwamo mabwana ambao tangu muhula uanze hawakuwa wameandika hata majina yao, wakasimama kunijulisha kwamba insha zao, nazo zilikuwa nzuri ajabu, zimo baharini.

Skulini kulikuwa na disiki, kibao cha mti chenye kamba, akivishwa shingoni yeyote anaswaye akisema lugha isiyokuwa Kiingereza, akae nacho hata amnase mwenziwe. Naibu wa mwalimu mkuu alikienzi sana. Siku kiti changu kilipovunjika mguu mbele ya kidato cha kwanza, nilianguka nikiita, "Mama yangu wee!" na kabla sijajikung'uta vumbi, kijana mmoja mwembamba, kwa taadhima zote, alinivisha. Sikumlaumu; ila sijapata kumwona mtu aangukaye kwa lugha ya kigeni.

Na ajabu kubwa zaidi ni kuwa mtihani wa taifa wenyewe haukumtaka mtoto aseme neno. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya kidato cha nne ina alama 60, na 30 kati yake ni za kusikiliza na kuzungumza, ambazo mtahiniwa huzichuma kwa kalamu, kimya, ndani ya chumba ambamo akithubutu kufumbua kinywa atatolewa nje.

Kwa sababu hiyo nilijitungia madhehebu yangu: mtoto apewe kwanza jambo la kugombania, lugha itamfuata. Tulikuwa tukisoma *A Doll's House*, tamthilia ya Ibsen wa Norway iliyochapishwa 1879, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa miongoni mwa vitabu vyetu vya mtihani. Tulipofikia pale Nora anapomwacha mume na wana watatu na kuubamiza mlango, niliwauliza rai zao, kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Kimya. "Haya, semeni mpendavyo," nikasema.

Lahaula! Mmoja akataka kujua ametoka na nauli gani. Wa pili akauliza atalala kwa nani usiku ule na baridi ile, naye hata shangazi hana. Binti wa Mtongwe akajibu kwamba mwanamke aliyethubutu kughushi sahihi ya babake ili mumewe apone hashindwi na pa kulala. "Na talaka ametoa nani?" "Si karudisha pete!" "Pete si talaka!" Kijana mmoja, alipoona anaelemewa kwa Kiswahili, akahamia Kiingereza ili amtishe mwenziwe, naye akajibiwa kwa Kiingereza kikali zaidi, kisichojali jana wala kesho, lakini kilichofika kilikokusudiwa.

Mlango ukafunguka. Ni naibu, disiki mkononi. "Mwalimu, ghasia gani hizi?" Nikamweleza kisa. Alisimama kitambo, akaegemea dawati la mbele, akasema, "Ngoja kwanza. Hao watoto kamwachia nani?"

"Yaya," akajibu yule binti.

"Yaya! Yaya ndiye mama? Mtoto akiugua usiku, yaya ndiye atakayekesha?" akafoka naibu, kwa Kiswahili fasaha cha kwao, amekisahau kabisa kile kibao, na binti wa Mtongwe, ambaye hakukiondolea macho tangu kilipoingia, akanyoosha mkono kwa adabu akakiomba.