Tiki ya Dola Nane

Zamani tiki ya buluu kwenye Twitter ilimaanisha mwenye akaunti amehakikiwa. Novemba 2022 Elon Musk, mmiliki mpya wa mtandao huo, akaiweka sokoni: dola 8 kwa mwezi, heshima juu! Haikupita wiki, akaunti bandia yenye jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly, tiki ubavuni, ikatangaza insulini sasa ni bure. Kampuni halisi ikabaki kuwaomba radhi waliopotoshwa.

Uswahilini hata hizo dola hazihitajiki. Kijana huegemea gari la watu, akapigwa picha, akaiweka WhatsApp na neno “Mkurugenzi” chini yake. Keshokutwa anaitwa bosi na kuongezwa kwenye kamati tatu za harusi.

Huahidi laki tano. Siku ya kikao, simu haipatikani.