Trei Isiyo na Adabu

Baba mkwe wangu hakiamini kitu chochote kinachojiendea bila kusukumwa. Sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza chini ya ardhi, mgodi wa Kamoto, na huko, anasema, kitu kikianza kwenda chenyewe unakimbia kwanza, maswali baadaye. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeniletea filamu ya kauboi Jumapili moja, kwenye kibanda changu cha kuchapa barua na kutoa kopi hapa Manika, Kolwezi, nchini Kongo, akaomba nimuwekee.

Kompyuta yenyewe ilitoka Kanada, ikapita bandari kadhaa, ikaingia nchini kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa pamoja na friji na matairi. Windows yake ilikuwa imejaa virusi, nikaifuta nikaweka mfumo wa Ubuntu 6.06, ile ya Juni 2006. Disiki yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizotumwa kwa posta bila malipo, dunia nzima, hadi mwaka 2011. Aliyekuwa akizigharamia ni Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom, mji wa migodi ya dhahabu kule Afrika Kusini. Nilipojua hilo nilifurahi: mtoto wa mgodini anatuma vitu bure badala ya kuchukua! Baadaye nikapandisha hadi 8.04, ya Aprili 2008, na hapo ndipo kisomaji cha disiki kilipoanza vituko.

Kwanza kilipoteza jina. Chini ya mfumo wa zamani kiliitwa hdc, na jina hilo liliandikwa katika faili la fstab, ambalo ni kama daftari la wakazi: nani anaishi wapi, na anapachikwa kwenye folda gani. Mfumo mpya ulibadilisha namna ya kuvihesabu vifaa, kisomaji kikaamka kikiitwa sr0. Daftari halikuambiwa. Ukiagiza disiki ipachikwe, unajibiwa kwamba kifaa hdc hakipo. Kipo! Kinakutazama, taa inawaka, kinanguruma. Ila kwenye karatasi hakipo.

Mgeni angeweza kuchanganyikiwa. Mkazi wa Kolwezi hapana. Baba mkwe alizaliwa Katanga, akafanya kazi Shaba, akarudi Katanga mwaka 1997, na tangu 2015 anaishi Lualaba, na muda wote huo hajahamisha hata kitanda. Cheti chake cha kuzaliwa kinataja mkoa mmoja, kitambulisho kinataja mwingine. Nilipomweleza shida ya kisomaji alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Masikini," alisema. "Na yeye wamemubadilishia jina." Nikafungua faili, nikafuta hdc, nikaandika sr0, nikahifadhi. Hakuna stempu iliyohitajika, wala mtu wa kuniambia nirudi Jumatatu.

Ilibaki trei. Ndani ya mfumo huu kuna mipangilio midogo ya kisomaji ambayo watu wengi hawajui kama ipo, na kila mmoja unawekewa sifuri au moja. Wa kwanza, lock, unafunga mlango wakati disiki inatumika, ubonyeze kitufe mpaka kidole kiote sugu. Wa pili, autoclose, unaivuta trei ndani mara programu inapoitaka disiki. Wa tatu, autoeject, unaitoa nje programu ikimaliza. Mpwa wangu, anayenisaidia siku za mapumziko na ambaye hupenda kila kitu kiwe moja, alikuwa ameiwasha yote mitatu.

Basi trei ikatoka. Baba mkwe akasogea, akaishika filamu yake kwa ncha za vidole kama anayeweka sadaka. Mpwa, bila kuangalia, akabonyeza kitufe cha kuonyesha filamu. Trei ikarudi ndani kwa kasi, tupu.

"Eh! Hii mashini inataka kunikula mukono!"

"Hapana, Papa, imejifunga tu."

"Nani ameituma?"

Swali zuri. Programu ikakuta hakuna disiki, ikalalamika, mpwa akaifunga programu na kuifungua trei. Baba mkwe akasogea tena, safari hii kwa hila, mkono ukitokea ubavuni. Mpwa akabonyeza. Trei ikarudi. Wateja waliokuwa wakingoja kopi wakaacha kujifanya hawaoni. Mama mmoja alishauri trei ikanywe kwa jina la Yesu. Mimi nikaandika sifuri kwenye autoclose, ikatulia, na sifa zikaenda kwa Yesu.

Disiki ikaingia. Umeme ukakatika.

Lazima msomaji wa mbali aelewe mahali tulipo. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, ya mto Lualaba, ni jirani zetu. Laini ya umeme kutoka mabwawa ya Inga inasafiri karibu kilomita 1,700 kuvuka nchi nzima ili ije iishie hapahapa Kolwezi. Umeme unatufahamu vizuri sana; ni kukaa nasi tu ndiko kunakoushinda. Na kisomaji kisicho na umeme hakitoi kitu, hata mipangilio yake iwe sifuri tupu. Kuna tundu dogo usoni mwake, unaingiza pini, unasukuma, trei inachomoza kidogo unaivuta. Baba mkwe, mtu wa Kamoto, alinyang'anya pini na kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Ndiyo sehemu pekee ya siku hiyo aliyoisifu.

Umeme uliporudi tukairudisha disiki, lakini filamu bado ilikataa. Sababu ni ramani. Waliotengeneza DVD waliigawa dunia maeneo, na visomaji vilivyotoka tangu 2000 vinalinda mipaka hiyo vyenyewe. Kongo iko eneo la 5, pamoja na Urusi na India. Afrika Kusini iko eneo la 2 pamoja na Ulaya na Japani. Filamu ya baba mkwe ilinunuliwa Johannesburg. Kisomaji changu, kwa sababu ya Kanada, kilikuwa bado cha eneo la 1, nacho ni cha aina ile kaidi isiyodanganyika kwa programu.

Unaruhusiwa kukihamisha. Mara tano maishani mwake, basi. Baada ya hapo kinakuwa raia wa pale kilipofika hadi kufa. Programu ya regionset ikanionyesha kwamba wenyewe wa kwanza walikuwa wasafiri: imebaki mara moja.

Kikao kikafanyika papo hapo. Mpwa alitaka eneo la 5, kwa uzalendo. Mama wa kopi aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuiona sokoni disiki halisi ya eneo la 5, hakuna aliyejibu. Baba mkwe alisema kauboi wake anangoja. Nikaandika 2, mashine ikauliza kama nina hakika, nikabonyeza y.

Filamu ilionekana safi kabisa. Baba mkwe alipiga makofi farasi wa kwanza alipotokea, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa plastiki.

"Vizuri, mukwe. Ikiisha hii, tunaweka hii ingine. Ya Kihindi, original, wameniletea toka Bombay."